Mgeni Huyu Naye Apewe Jembe

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno haya aliyasema mkurugenzi wa shirika moja la sera mjini Mbarara, siku walipompokea felo wao kutoka ng'ambo. Kulikuwa na keki, soda, na bango lenye jina la mgeni kwa herufi kubwa. Felo, kwa asiyelijua neno hili, ni msomi anayeletwa kwa ufadhili kukaa na shirika kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja, ili ajifunze na asaidie kazi za utafiti na utetezi. Nami nilikuwa mle ukumbini kwa sababu nilikuwa nimeombwa niwe mkalimani wake atakapokwenda Nakivale. Nilipiga makofi kama wengine. Leo nataka kueleza kwa nini makofi yale yananisuta.

Methali ile ni nzuri, lakini ina mwenzake ambaye hakutajwa siku ile: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga waliosema hivyo hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba mgeni asiyepewa jembe hawezi kuwa mtu wa nyumbani hata akikaa miaka, kwa sababu hana anachodaiwa na hana anachoulizwa. Hoja yangu basi ni hii: mashirika yetu ya sera yamejua sana kumkaribisha mgeni wa kimataifa, ila hayajajua kumpa jembe. Na gharama ya upungufu huo hailipwi na mgeni wala na shirika. Inalipwa na wakazi wa Nakivale.

Niliweke wazi jambo moja mapema. Sisemi mgeni asije. Mimi mwenyewe ni mgeni Uganda. Nilivuka mpaka kutoka Kivu nikiwa mtoto, nimeshika nguo ya mama yangu. Mtu aliyefunguliwa mlango hana uso wa kuufunga mbele ya mwingine. Tena felo niliyemtumikia alikuwa mtu mwema, msikivu, anayeamka mapema na kula walichokula wenzake. Ubaya ninaousema haumo ndani ya mtu. Umo katika namna tunavyompokea.

Tazama wageni wawili. Wa kwanza ni mkimbizi. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Mbarara, ukipita migomba ya matoke hadi ziwa linaloipa makazi jina lake. Makazi yale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko, na leo yana zaidi ya watu 150,000, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Mgeni wa namna hii hufikia kituo cha mapokezi cha Kabazana. Sisi tulipofika tulipewa turubai, blanketi, sufuria, na jembe. Siku ya tatu haikungojwa. Sera ya Uganda tangu mwaka 1999 imekuwa kwamba mkimbizi apewe kipande cha ardhi ajilimie na ajitegemee. Ni sera inayosifiwa duniani, na nami sikatai sifa zake. Mama yangu alinilea kwa mahindi na maharage ya kipande kile. Lakini watu wameongezeka na vipande vimepungua, hata wengine leo wanapewa shamba ambalo ukilianza asubuhi unalimaliza kabla chai haijapoa.

Mgeni wa pili ni felo. Huyu hushuka Entebbe, hupokewa na dereva, hupangiwa nyumba yenye ukuta na mlinzi, hupewa wiki mbili za kutambulishwa. Mwaka wake nimeuona ukipita na naweza kuugawa. Miezi mitatu ya kwanza ni ya kuzoea hali ya hewa, boda boda, matoke, na kufuatilia vibali: cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu ya kumruhusu kuingia makazini. Miezi mitatu ya pili ni ya kuandaa hojaji. Ya tatu ni ya kwenda Nakivale, mara nne au tano, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Ya mwisho ni ya kuandika na kuaga. Kisha keki nyingine hukatwa, mgeni huondoka na alichojifunza kichwani mwake, na nafasi hutangazwa upya. Anayemfuata huanza pale pale alipoanzia mwenzake. Shirika linapokea watu wapya kila mwaka, lakini lenyewe halizidi kujua.

Kwa hiyo anayekimbia risasi hupewa jembe siku ya kwanza, na anayekuja na tiketi ya kurudi hupewa mwaka mzima wa kuzoea. Mtu akiniambia kwamba huu ndio ukarimu wa Kiafrika, nitamjibu kwamba ukarimu wetu haukuwa hivyo.

Sasa niseme kilichotokea New Congo, mtaa mmoja wa Nakivale, kwa maana hapo ndipo nilipoacha kuliona jambo hili kama suala la adabu tu. Tulikuwa kwa mama mmoja mjane, mwenye watoto wa kwake na wa ndugu yake. Hojaji ilikuwa ya Kiingereza, nami nikawa naigeuza Kiswahili papo kwa papo. Nikafika kwenye swali lililouliza kama kaya yake inajitegemea. Akacheka kidogo, akasema: "Ndiyo, tunajitegemea. Tutamutegemea nani tena?"

Anayejua Kiswahili amekwisha kuelewa. Mama hakusema kwamba ana uwezo. Alisema kwamba hana mtu. Neno moja limebeba mambo mawili yasiyofanana: kujitegemea kwa aliyesimama, na kujitegemea kwa aliyeachwa. Lakini karatasi ilikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Nikasema "ndiyo" kwa Kiingereza, felo akatia alama, tukaendelea na swali la maji.

Huenda msomaji akaniuliza: alama moja kwenye karatasi moja ina uzito gani? Naomba akumbuke mambo yaliyotukia Uganda miaka hii. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, likiwa limepungukiwa fedha, lilianza kuwagawa wakimbizi katika makundi matatu kulingana na uhitaji: wa kwanza walipata asilimia 60 ya mgao kamili, wa pili asilimia 30, na wa tatu, walioonekana kuweza kujitegemea, wakaondolewa kabisa. Mei 2025, fedha zilipokauka zaidi, watu wapatao milioni moja waliondolewa kwenye orodha ya chakula. Sisemi hojaji yetu ndiyo iliyomwondoa mtu yeyote. Haikuwa na nguvu hiyo. Nasema kwamba katika nchi yenye wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, neno "anajitegemea" limekuwa mpaka kati ya sahani yenye chakula na sahani tupu. Nyaraka za sera ndizo zinazowafundisha wakubwa maana ya neno hilo. Likikosewa chini, huko juu hakuna wa kulisahihisha.

Tena mkimbizi hana njia nyingi za kujisahihisha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamkataza kushiriki siasa nchini. Hapigi kura Isingiro, hana mbunge wa kumpigia simu. Ana viongozi wake wa kamati za ustawi, na wanajitahidi, lakini sauti yao huishia ofisi za makazi. Kwa mtu wa namna hiyo, waraka wa sera ndio kura yake, na kura hiyo hupigiwa na mtu mwingine. Ndiyo maana siwezi kuuona mwaka wa felo kama mwaka wa mapumziko ya kisomi. Ameshika kitu cha watu.

Wiki kadhaa baadaye, tukiwa njiani kurudi Mbarara, nilimweleza felo habari ya neno lile. Alinyamaza, akafungua daftari, akaandika. Kisha akaniuliza kwa upole: "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Nikamjibu kwamba hakuniuliza. Jibu langu lilikuwa la kweli na lilikuwa la aibu. Mkalimani haulizwi, hutumwa. Anaambiwa maneno ya kupeleka, haambiwi kazi yenyewe inatafuta nini. Nimekua Nakivale, naijua mitaa yake gizani, lakini katika safari ile kazi yangu ilihesabiwa karibu na ya dereva, na dereva alilipwa vizuri zaidi.

Hapa kuna kichekesho ambacho sisi wanafunzi wa Kiswahili tunakifurahia kwa uchungu. Katika Kiswahili cha vitabuni posho ni malipo au masurufu anayopewa mtu kwa kazi yake. Uganda posho ni ugali. Mkalimani wa Nakivale huahidiwa posho, na kweli hupata: posho ya Uganda, sahani moja na maharage. Ile ya vitabuni hubaki kwenye bajeti, chini ya kichwa kingine.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuza. Wa kwanza watasema kwamba mgeni wa mbali anaweza kusema yale ambayo mwenyeji hawezi. Ni kweli. Mkimbizi anayelalamika hadharani anaogopa kuitwa mchochezi. Mganda mwenye mkataba anaogopa kuupoteza. Mwenye pasipoti ya mbali husema na kupanda ndege. Lakini ujasiri wa namna hiyo una thamani pale tu anayeusema anajua la kusema. Mtu asiyeijua tofauti ya kusimama na kuachwa atasema kwa ujasiri jambo lisilo kweli.

Wa pili watasema kwamba felo huja na fedha, nazo fedha zikija kila mtu hunufaika. Mei 2016 kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura itawafikia watu na mashirika ya wenyeji kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika na kupita, ahadi ikiwa bado mbali sana. Wahenga walisema ahadi ni deni. Sisi wa Nakivale tunaongeza kwamba deni lisilodaiwa huitwa msaada.

Wa tatu, nao ndio wanaoniudhi zaidi, watasema kwamba wakimbizi hawana ujuzi wa utafiti. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa ripoti juu ya uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, iliyohusu Kampala, Nakivale na Kyangwali. Miongoni mwa waliokusanya takwimu zake walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa kazi ya kuhoji. Ni ripoti hiyo iliyoonyesha kwamba mjini Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara zilizoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kwamba asilimia 40 ya waajiriwa hao walikuwa raia wa Uganda. Takwimu hizo zimetajwa katika mikutano mingi tangu wakati huo. Mkono wa mkimbizi ulitosha kuzikusanya. Kwa nini usitoshe kuandika maana yake?

Sheria nayo haizuii. Sheria ile ile ya 2006 inayotunyima siasa inatupa haki ya kutembea nchini na kupata ajira. Uganda ilipoanza kutekeleza mpango mpana wa kushughulikia suala la wakimbizi mwaka 2017, wakimbizi waliundiwa jukwaa lao, na wawakilishi wao wakapewa viti katika kamati inayouongoza mpango huo. Kama serikali imeweza kumwekea mkimbizi kiti penye mawaziri na wafadhili, shirika lenye ofisi ya vyumba sita mjini Mbarara linashindwa nini?

Basi jembe ninalolitaka lina sehemu nne, na hakuna hata moja inayohitaji ufadhili mpya.

Ya kwanza ni lugha. Katiba ya Uganda ilipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni na kutumiwa kama lugha rasmi. Felo atakayefanya kazi Nakivale aanze Kiswahili kabla ya kupanda ndege, na aendelee kila siku akiwa hapa. Hatakimaliza kwa mwaka, najua. Tena Kiswahili si kila kitu: mzee wa Kisomali pale Base Camp na bibi wa Kinyarwanda kule Juru wanaweza kukihitaji kama felo anavyokihitaji. Lakini aliyewahi kuhangaika na lugha moja ya watu huacha kuamini kwamba "ndiyo" ni "ndiyo" kila mahali.

Ya pili ni jina na malipo. Mkalimani alipwe kwa siku, kwa kiwango kilichoandikwa, na aisome hojaji wiki moja kabla ili aseme maneno gani yatapotea njiani. Na waraka ukitoka, jina lake liwe pamoja na majina ya walioufanya, si ndani ya shukrani kwa "wakazi waliotupokea vizuri".

Ya tatu ni kurudi. Kabla waraka haujapelekwa Kampala au Geneva, usomwe kwa sauti Nakivale, chini ya mti au kanisani, kwa lugha za waliohojiwa, nao wapewe nafasi ya kusema "hapa sivyo". Kama kanuni za utafiti zinadai mtu aridhie kabla ya kuhojiwa, heshima inadai ajue alichosemewa.

Ya nne ni kiti cha pili. Kwa kila felo anayetoka ng'ambo, shirika lipokee mmoja kutoka Nakivale, kwa mwaka ule ule, meza ile ile, na haki ile ile ya kuandika. Hapo ndipo maarifa yatakapobaki wakati ndege inapoondoka. Na hapo ndipo methali ya mkurugenzi itakapokuwa kweli: mgeni atakuja, na mwenyeji atapona.

Najua shoka langu linakata na upande wangu. Sisi wanafunzi tunaoitwa kufasiri tumekuwa tukiyanyoosha maneno ya mama zetu ili yaingie kwenye visanduku, kwa sababu tunataka tuitwe tena. Tumevaa fulana za mashirika kwa fahari. Tumewaambia watu wetu "wamekuja kusaidia" tukijua hatujui. Mimi nilisema "ndiyo" siku ile, na hakuna aliyenilazimisha. Nikidai felo apewe jembe, ni lazima nami nilishike la kwangu: kuusimamisha mwendo wa mahojiano na kusema, ngoja, mama hakumaanisha hivyo, hata kama dereva anaangalia saa.

Kabla hatujatoka kwa mama yule, alinivuta pembeni akaniuliza jambo ambalo halikuwa kwenye hojaji. "Mutoto yangu, ule wa mwaka jana alisema atarudia na karatasi yake. Iko wapi?" Nikamwambia nitauliza. Niliuliza ofisini Mbarara. Wakatafuta kwenye kompyuta, wakaupata waraka, kurasa kumi na mbili za Kiingereza, na picha ya ziwa juu. Nimeufasiri jioni tatu mfululizo. Jumamosi ijayo ninapanda taksi ya kwenda Isingiro niuone kwake, nimsomee mwenyewe. Felo mpya anafika mwezi ujao, na keki imekwisha kuagizwa. Nimeomba nafasi ya kusema siku hiyo, dakika tano tu, na nitakuja na jembe lenyewe mkononi, lile tulilopewa Kabazana, ambalo mama yangu hajalitupa mpaka leo.